Mtoto wa Mbwa na Mbwa Wenyeji Hawaivi Chungu Kimoja: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Kabla hujaendelea, jibu swali moja: kuna mbwa aliyetobolewa ngozi? Kama yupo, watenganishe sasa hivi kwa mlango uliofungwa, kagua majeraha, kisha ruka mpaka sehemu ya mapigano iliyo karibu na mwisho. Kama hakuna damu, ila kuna kunguruma, kukenua meno, kufukuzana na kununa, soma kwa mpangilio. Bado una nafasi kubwa ya kuwapatanisha, na mara nyingi kinachotakiwa kubadilika kwanza ni mpangilio wa nyumba, tabia za mbwa zifuate baadaye.

Watu wengi husema mkubwa ana wivu, au hukata tamaa mapema wakisema fahali wawili hawakai zizi moja. Yaweke kando yote mawili kwa sasa. Mbwa mzima anayemkataa mtoto karibu kila mara ana sababu inayoonekana ukitazama vizuri: amekosa pa kupumzikia, chakula chake kinavamiwa, mwili unamuuma, au amekuwa akiomba nafasi kwa siku kadhaa na hakuna aliyemsikia.

Kwa hiyo anza na daftari. Kila unapotokea mvutano, andika saa, mahali, nani alikuwa karibu, na kilichotokea dakika chache kabla. Ugomvi unaoonekana kuzuka tu bila sababu huwa na ratiba yake ukiuandika: ni jioni, ni kwenye korido, ni mgeni alipobisha hodi. Bila hayo utakuwa unapapasa gizani.

Mkubwa ananguruma mtoto akimkaribia

Hii ndiyo dalili inayotisha watu kuliko zote, na kwangu ndiyo yenye heri kuliko zote. Mbwa anayenguruma anaomba aachwe, na anaomba kwa sauti ili asilazimike kutumia meno. Ukimkemea au kumpiga kwa sababu ya kunguruma, hujamfanya ampende mtoto. Umemfundisha kunyamaza. Hasira yake inabaki palepale, ila onyo limeondoka, na siku atakapouma watu watasema ameuma ghafla. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linaloharibu nyumba nyingi: usimwadhibu mbwa kwa kunguruma, hata mara moja.

Na kunguruma kwenyewe si hatua ya kwanza. Kabla ya hapo mkubwa alishasema mengi kwa mwili. Alipiga miayo ilhali hana usingizi. Alijilamba midomo ilhali hakuna chakula. Aligeuza kichwa pembeni huku weupe wa macho ukionekana, kisha akageuza mwili mzima, kisha akainuka na kuhama. Asipopata nafasi, mwili hukakamaa, mdomo hufungwa, macho hukazwa. Hapo ndipo kunguruma hufuata, halafu kukenua meno, halafu kung'ata hewa karibu na uso wa mtoto, halafu kuuma kweli. Ukishamwona mkubwa anahama kila mtoto anapoingia, usisubiri sauti. Ingilia hapo.

Chanzo cha kawaida ni kwamba mtoto amemfikia mahali asipoweza kuondoka: kwenye kona, chini ya meza, kati ya kochi na ukuta, au amemrukia usingizini. Mwite mtoto kwa sauti ya furaha au mwondoe kwa kamba, lakini usimburute mkubwa. Yeye hakukosea kitu, na kumvuta akiwa amekakamaa ni kujiweka wewe mbele ya meno.

Kisha mtafutie mkubwa mahali pake ambapo mtoto hafiki kabisa. Iwe chumba chenye kizuizi cha mlangoni, iwe kitanda cha juu ambacho mtoto hawezi kukipanda, iwe kona iliyozungushiwa uzio mdogo. Neno ni hilo, kabisa. Mahali ambapo mtoto hufika mara mojamoja hapampi mkubwa raha yoyote, kwa sababu inabidi alale jicho moja wazi. Nyumba ikiwa na chumba kimoja tu, mzungushie uzio mtoto na umwachie mkubwa sehemu iliyobaki.

Hatua inayofuata ni kubadilisha maana ya mtoto kichwani mwa mkubwa. Mtoto anapotokea upande wa pili wa kizuizi, mkubwa anapata vipande vya nyama, kimoja baada ya kingine. Mtoto akiondoka, nyama inakoma. Umbali uwe wa kumfanya mkubwa ale kwa utulivu, mwili ukiwa umelegea. Akikataa nyama, au akiinyakua kwa pupa na kukugusa vidole kwa meno, mko karibu mno; rudisha mtoto nyuma. Punguza umbali kidogokidogo kwa siku nyingi, na kila kipindi kikome wakati mambo bado ni mazuri.

Kuna kunguruma ambako hupaswi kukugusa hata kidogo. Mkubwa ananguruma kidogo, mtoto anasimama au anarudi nyuma, mkubwa anatulia papo hapo na kuendelea na mambo yake. Hayo ni mazungumzo, na yamefanikiwa. Mtoto amejifunza adabu ambayo wewe huwezi kumfundisha vizuri hivyo. Kaa kimya, tazama.

Mtoto haelewi onyo, anarudi kulekule

Mkubwa amenguruma, mtoto amelia, na baada ya sekunde chache yuko tena kwenye sikio la mkubwa. Watu humwita mtukutu. Tazama kwanza saa. Mtoto wa mbwa huhitaji usingizi wa saa 18 hadi 20 kwa siku, na katika nyumba yenye watu wengi na mbwa wengine ni rahisi apate nusu yake tu. Mtoto aliyechoka hukimbia ovyo, hung'ata kila kitu na hasikii la mtu. Daftari lako likionyesha kwamba vurugu nyingi ni za jioni, jibu ni kumlaza mapema. Mpeleke kwenye kizimba chake chenye kitambaa laini na kitu cha kutafuna, mwache apoe. Kizimba kisiwe adhabu. Kiwe mahali pa kulala anapopapenda.

Sababu ya pili ni meno. Mtoto ana meno 28 ya utotoni, yaliyochongoka kama sindano, na huanza kuyabadilisha akiwa na miezi mitatu hadi minne mpaka karibu miezi saba, akiishia na meno 42 ya utu uzima. Katika kipindi hicho fizi humuwasha na mkia wa mkubwa humvutia. Mpe vitu vya kutafuna vilivyopoozwa, na vingi, ili asitafute mwili wa mwenzake.

Sababu ya tatu ni malezi ya mwanzo. Mtoto aliyeondolewa kwa mama na ndugu zake kabla ya wiki nane amekosa masomo ya kupima nguvu ya taya, ambayo ndugu humfundisha kwa kulia na kuacha mchezo. Huyu atahitaji msaada wako zaidi na muda mrefu zaidi. Mfungie kamba nyepesi anayoiburuta ndani ya nyumba ukiwa unamwangalia, ili uweze kumwondoa bila kumkimbiza. Mara ya pili mkubwa anapomwonya na yeye anaendelea, mwondoe kimya kimya kwa dakika chache kisha mrudishe. Bila kelele, bila kofi.

Usimwachie mkubwa kazi ya kulea. Wapo mbwa wazima wenye subira ya ajabu, na watu huwategemea mpaka subira inapokwisha. Kumlea mtoto ni jukumu lako, na mkubwa akisaidia ni hisani yake.

Tazama pia ukubwa wa miili. Mtoto wa mbegu kubwa anaweza kumwangusha mbwa mzee mdogo bila nia mbaya yoyote. Kinyume chake, mbwa mzima mkubwa anaweza kumvunja mtoto mdogo kwa onyo ambalo kwa mwenzake wa saizi moja lingekuwa la kawaida. Tofauti ya miili ikiwa kubwa, usiwaache wawili hao peke yao hata kama wanapendana.

Mkubwa aliyekuwa mpole amebadilika

Hapa nataka usimame na ufikirie maumivu kabla ya jambo lingine lolote. Mwaka 2020 Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, na wenzake waliandika kuhusu uhusiano wa maumivu na tabia zenye matatizo kwa mbwa na paka. Kwa makadirio yao ya tahadhari, karibu theluthi moja ya kesi za tabia zilizoletwa kwao zilihusisha maumivu ya aina fulani. Ni wanyama wengi waliokuwa wakiitwa wakorofi ilhali wanaumwa.

Mbwa hasemi kwamba nyonga inamuuma. Anachelewa kuinuka asubuhi, anasitasita kwenye ngazi, hapandi tena kochi alilokuwa akilipenda, anajilamba kiungo kimoja mara kwa mara, anatafuna upande mmoja, anatikisa kichwa kwa sababu ya sikio lenye uchafu. Kisha analetewa mtoto mwenye nguvu anayemrukia mgongoni. Kila mara mtoto anapofika, kuna kitu kinauma, na mbwa huunganisha mambo mawili hayo haraka sana. Baada ya muda mfupi hata mtoto akipita mbali, mkubwa anakunja uso.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo na umweleze yote mawili, tabia na mwili. Omba akague viungo, mgongo, meno na masikio. Wakati mwingine daktari hutoa dawa ya maumivu kwa majaribio ya wiki kadhaa ili kuona kama tabia itabadilika, na matokeo yake yanaweza kukushangaza. Usimpe dawa za maumivu za binadamu kwa kukisia. Ibuprofeni hasa inaweza kumharibu mbwa tumbo na figo.

Usisahau macho na masikio. Mbwa mzee asiyesikia vizuri hushtuliwa usingizini na mtoto, na mbwa aliyeshtuka huuma kabla hajajua ni nani. Kwake suluhisho ni kizuizi kila anapolala.

Ugomvi unatokea mahali palepale au kwa kitu kilekile

Kama daftari lako linaonyesha jambo hili, una bahati, maana chanzo kimejianika.

Kikiwa chakula, kila mbwa ale chumba chake, mlango umefungwa, na mabakuli yaondolewe kabla hawajakutana tena. Kuwapanga mstari mmoja na kuwasimamia kwa fimbo hakufundishi amani; kunawafundisha kula haraka kwa wasiwasi. Maji yawekwe sehemu zaidi ya moja. Mifupa na vitu vya kutafuna vya thamani vitolewe wakiwa wametengana tu, hata baada ya miezi ya utulivu.

Ikiwa ni mlangoni au kwenye korido, tatizo ni msongamano na msisimko. Mbwa wanaokimbilia mlango mmoja wakati mgeni anaingia hugongana, na aliyegongwa humgeukia aliye karibu. Mtoe mmoja kwanza, au mpeleke mtoto kizimbani kabla hujafungua.

Kisha kuna kitu ambacho watu hawakifikirii: wewe mwenyewe. Mkubwa amelala miguuni pako, mtoto anakuja akitikisa mkia, mkubwa ananguruma. Anayelindwa hapo ni wewe. Ukimkumbatia mkubwa na kumbembeleza, unabaki kuwa kitu cha kugombewa. Ukimfukuza, unathibitisha hofu yake kwamba mtoto akija yeye hupoteza. Inuka tu, bila neno, uondoke. Kilichokuwa kinalindwa hakipo tena na ugomvi unakosa mada. Wakati mwingine mtoto anapokaribia na mkubwa bado amelegea, hapo ndipo msifu na umpe kitu kitamu, ili aone kwamba mtoto akija, kwake kunaongezeka.

Pamoja na hilo, mpe mkubwa muda wake kila siku bila mtoto. Matembezi yake ya zamani yabaki, mahali pake pa kulala pabaki, saa yake ya kula ibaki. Mtoto mpya hula muda wa nyumba nzima, na mkubwa huona siku zake zote zimepinduliwa. Dakika ishirini za peke yenu zina uzito kuliko maneno matamu ya kutwa nzima mbele ya mtoto.

Utashauriwa pia kwamba ni suala la cheo, kwamba umlaze mtoto chali umkandamize ajue nafasi yake, au uwaache wapigane mpaka ajulikane nani mkubwa. Usifanye lolote kati ya hayo. Mawazo hayo yalitokana sana na uchunguzi wa mbwa mwitu (wale waitwao wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja, kama ule wa mtafiti Rudolf Schenkel wa 1947. Mtafiti mwingine wa mbwa mwitu, David Mech, ambaye awali alisaidia kuyaeneza, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu porini kwa kawaida ni familia, baba na mama na watoto wao, si uwanja wa kugombea madaraka. Kumlisha mkubwa kwanza au kumfungulia mlango kwanza hakuna ubaya kama kunampa utulivu. Kumkandamiza mtoto kunamfundisha kukuogopa, na kuwaachia wapigane kunaweza kumaliza kila kilichokuwa kinawezekana.

Sijui kama wanacheza au wanapigana

Mchezo wa mbwa una kelele nyingi, kwa hiyo usihukumu kwa masikio. Tazama miili. Wanaocheza huinama mbele huku makalio yakiwa juu, miili yao ni milegevu na inapindapinda, midomo iko wazi. Hubadilishana zamu: aliyekuwa juu analala chini, aliyekuwa anafukuza anafukuzwa. Mkubwa hujipunguzia nguvu makusudi. Na huwa na mapumziko. Wanajitikisa, wananusa sakafu, wanarudi.

Ukiwa na shaka, mshike mtoto kwa upole umrudishe nyuma. Mkubwa akimfuata na kumwalika tena, alikuwa anaufurahia. Akichukua nafasi hiyo kuondoka, alikuwa anavumilia. Jaribio hili dogo linasema ukweli kuliko maoni ya kila mtu nyumbani.

Mchezo ukipanda kasi bila mapumziko, sauti ikawa nyembamba na kali, au mmoja akawa chini muda wote, wakatishe kwa kuwaita na kuwapa kitu, kisha wapoe. Huhitaji kusubiri mpaka uharibike.

Mkubwa hali, amejificha au anakojoa ndani

Siku chache za kununa ni kawaida. Mkubwa akikataa kula kwa zaidi ya siku moja, akijificha mfululizo, au akianza kukojoa ndani, mpeleke kwa daktari kabla ya kulitaja kuwa ni tatizo la tabia, kwa sababu maambukizi ya njia ya mkojo na maradhi ya figo huonekana vivyo hivyo. Angalia pia kama anakula chakula cha mtoto, ambacho ni kizito kwake na kinaweza kumharisha. Mtoto naye akikohoa au kuharisha, mtenge. Chanjo zake huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka wiki ya 16 au zaidi, na dawa za minyoo zina ratiba yake. Hakikisha chanjo za wakubwa pia hazijapitwa na wakati.

Walielewana vizuri, kisha baada ya miezi wameanza kugombana

Hii huumiza moyo kuliko zote, maana ulidhani kazi imekwisha. Wakubwa wengi humvumilia mtoto mambo ambayo hawangemvumilia mbwa mzima, na uvumilivu huo hupungua anapofikisha miezi minne hadi sita. Kisha anabalehe, mara nyingi kati ya miezi sita na mwaka mmoja, na kukomaa kitabia huja baadaye zaidi, kati ya mwaka mmoja na mitatu. Yule mtoto aliyekuwa akirudi nyuma sasa anasimama na kutazama machoni.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 kuhusu jozi 38 za mbwa wa nyumba moja wanaopigana ulikuta kwamba jozi nyingi zilikuwa za jinsia moja, majike walihusika kwa wingi, na mwanzilishi kwa kawaida alikuwa mdogo na mgeni zaidi nyumbani. Vichochezi vilikuwa vile ambavyo umekwisha kuviona hapa: umakini wa mwenye mbwa, chakula, msisimko, na vitu walivyookota. Kwa hiyo mtoto wako akiwa jike na mkubwa ni jike, usilegeze utaratibu wa kulisha na wa mlangoni kwa sababu tu miezi ya kwanza ilikuwa tulivu. Jike akiwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, watenganishe.

Kuhasi kuna faida zake, lakini usikutegemee kumaliza ugomvi ambao umeshazoeleka, hasa kati ya majike. Zungumza na daktari kuhusu mbwa wako hasa.

Wakubwa wenyewe wameanza kupigana tangu mtoto aje

Mtoto huongeza msisimko wa nyumba nzima, na jozi iliyokuwa na amani nyembamba huweza kuvunjika hata kama mtoto hakumgusa yeyote. Mmoja anamkemea mtoto, mtoto analia, wa pili anakuja mbio kuona kuna nini, wanavaana. Mtambulishe mtoto kwa mkubwa mmoja baada ya mwingine, kamwe si kundi zima pamoja, na uanze na yule mwenye subira zaidi. Wakati wa fujo za mtoto, wakubwa wasiwe wamebanana sehemu moja.

Wakipigana

Usiingize mikono kati ya vichwa, wala usishike mkanda wa shingoni. Mbwa aliye katikati ya mapigano huuma kilicho karibu, hata mkono anaoupenda. Piga kelele kubwa ya ghafla kwa masufuria, wamwagie maji, watupie blanketi zito, au sukuma ubao, kiti au mto mkubwa katikati yao. Mkiwa watu wazima wawili na hakuna kilichofanya kazi, kila mmoja anyanyue miguu ya nyuma ya mbwa mmoja kutoka karibu na nyonga na kurudi kinyumenyume, bila kusimama, mpaka mlango ufungwe kati yao. Wakiwa wameshikana kwa meno bila kuachia, kuvuta kutachana nyama. Endelea na maji na blanketi kwanza. Watoto wa nyumbani wafundishwe mapema kwamba mbwa wakipigana wao hutoka chumbani na kuita mtu mzima.

Mtu akiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa ajili ya maambukizi na kichaa cha mbwa. Mbwa naye aende kwa daktari hata kama tundu ni dogo. Jino huingia ndani na kupasua chini ya ngozi, na kinachoonekana juu ni alama tu.

Usiwakutanishe jioni hiyo ili "wasameheane". Miili yao bado imejaa msisimko na kitu kidogo kitawasha tena. Wape siku kadhaa za utengano kamili, kila mmoja akipata matembezi, chakula na wewe kwa zamu.

Kuwaanza upya

Wachukulie kama hawajawahi kuonana. Badilishaneni vitambaa vya kulalia ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake akiwa anakula. Kisha matembezi ya sambamba nje, mahali ambapo si pa yeyote kati yao, watu wawili, kamba mbili, umbali wa kutosha wasikaziane macho. Siku hadi siku mnasogea. Kamba zisikazwe, kamba iliyovutwa humfanya mbwa ahisi amenaswa. Baadaye ndani, kizuizi kikiwa kati yao, kisha kizuizi kimefunguliwa lakini kamba ipo, dakika chache tu.

Kama kuna historia ya kuuma, mzoeze mkubwa kifunga mdomo cha aina ya kikapu, kinachomwachia nafasi ya kuhema na kunywa maji. Mzoeze polepole kwa chakula, wiki kadhaa kabla ya kukihitaji, asikione kwa mara ya kwanza siku ya mkutano.

Maendeleo hayatakuwa mstari ulionyooka. Kukiwa na kurudi nyuma, rudi kwenye hatua ya mwisho iliyokuwa rahisi kwa wote, kaa hapo.

Ikishindikana

Dalili za kuzichukulia kwa uzito mkubwa ni hizi: majeraha yanayohitaji kushonwa, kushambulia bila onyo lolote, kuuma mara nyingi mfululizo bila kuachia, mmoja kumvizia mwenzake kwa macho toka mbali, au mbwa mmoja kuishi kwa hofu, asile, asitoke. Hapo tafuta daktari wa mifugo mwenye ujuzi wa tabia, au mkufunzi anayefundisha kwa malipo ya chakula na sifa. Anayeahidi kumaliza tatizo kwa siku moja, au anayetegemea kipigo na mkanda wa umeme, usimpe mbwa wako.

Wapo wanaoishi miaka kwa kuwatenganisha kwa zamu, na kama nyumba na watu wake wanaweza, ni maisha yanayokubalika. Wapo pia ambao hawawezi, na mbwa wote wawili wanaishi kwa mashaka. Kumtafutia mtoto nyumba nyingine yenye watu wanaomtaka, akiwa bado mdogo na hajazoea kupigana, ni uamuzi wa haki kwake na kwa mkubwa pia. Ukifika hapo, waeleze wanaomchukua ukweli wote kuhusu kilichotokea, wape daftari lako, na uwaambie ni mambo gani yanamtuliza.